Seva Isiyo na Kelele

Mwanarusi aliporudi Msambweni na masanduku mawili na boksi la nyaya, tulidhani amekuja likizo. Kwa miaka mingi alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja kule Galu, kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi ambako kompyuta zote za hoteli zilitunzwa. Sisi majirani tulizoea kumwona Ijumaa moja moja tu, buibui juu ya sare ya kazi, akija kumjulia hali baba yake na kuondoka kabla ya jua kutua. Safari hii hakuondoka. Hoteli ilikuwa imeuzwa na wenye mali wapya walikuja na watu wao. Hata hivyo, alinieleza baadaye, wasingekuja pia angerudi, kwa sababu baba yake alikuwa hawezi tena kwenda msalani bila kusimama njiani akashika ukuta na kutafuta pumzi.

Mzee Abubakar alikuwa mchonga mawe. Nyumba nyingi za hapa kwetu, na yangu ikiwamo, zimejengwa kwa matofali ya mawe aliyoyakata yeye na wenzake. Walianza kwa shoka na patasi, kisha zikaja mashine za kukatia, na vumbi jeupe likawa linawafunika mpaka kope. Kitambaa walichojifunga puani hakikuzuia kitu. Wenzake walikufa mmoja mmoja wakikohoa, nasi tukisema kifua, basi. Yeye alichelewa kuugua. Ulipomfikia ugonjwa, daktari alimwambia Mwanarusi kwamba mapafu ya baba yake yamekuwa magumu, hayatalainika tena, na kwamba mzee atahitaji oksijeni kila siku kwa umri wake uliobaki.

Ndipo ilipokuja mashine. Ilikuwa kubwa kama sanduku la safari, ikikaa ubavuni mwa kitanda, ikivuta hewa ya chumbani na kuichuja, kisha kumpelekea mzee oksijeni kwa mpira mwembamba uliopita nyuma ya masikio mpaka puani. Ilivuma na kugonga mchana kutwa. Shida yake ilikuwa moja: haikuishi bila stima, na stima ya huku kila mtu anaijua, mvua ikinyesha haipo, upepo ukivuma haipo. Mwanarusi akatumia kiinua mgongo chake kuweka paneli za sola juu ya bati, inveta na betri kubwa. Kando ya kitanda akasimamisha pia mtungi wa oksijeni, wa kutumika tu kwa dharura, kumfikisha mzee hospitalini. Dada ya mzee, Shangazi Subira, akahamia pale kumsaidia kuuguza.

Mwanarusi hakuwa mtu wa kukaa bure. Karibu na soko kulikuwa na chumba kimoja cha kikundi cha akina mama chenye kompyuta za mkononi chache, kuukuu, za msaada. Akaomba awafundishe wasichana waliomaliza shule wakakosa la kufanya. Hakutaka kuwafundisha kuandika barua na kuchapa. Alitaka wajue kazi aliyoijua yeye: kuisimamisha kompyuta kuanzia mwanzo, kuilinda, kuitibu ikiugua. Kwa kazi hiyo kila msichana alihitaji kompyuta anayoweza kuivuruga apendavyo, na zile kuukuu hazingestahimili. Dawa yake ilikuwa seva: kompyuta moja yenye nguvu inayogawanywa ndani kwa ndani ikawa kama kompyuta kumi, kila mwanafunzi akapewa yake, na akiivunja yake, ya jirani haiguswi. Seva yenyewe ingekaa nyumbani kwa Mwanarusi, penye sola na mtu wa kuilinda, na wasichana wangeifikia kutoka chumba cha soko kwa antena mbili zinazotazamana, moja juu ya bati la huku, nyingine juu ya paa la kule.

Seva ya kwanza aliitoa hotelini. Ilikuwa ndefu, nzito, imejaa feni, na hoteli ilikuwa karibu kuitupa. Aliiwasha asubuhi moja, na mimi niliyekuwa uani kwangu nikifua nilidhani ni ndege inaruka pale kiwanja cha Ukunda imekosa njia. Nilikwenda kuchungulia. Mzee Abubakar alikuwa ameinua mkono kutoka kitandani.

"Mwanangu, hebu kizime hicho."

"Kelele zinakukera, Baba?"

"Kelele nimezizoea, nilikuwa machimboni. Lakini mimi hapa nilipolala nina kazi moja tu, kuisikiliza mashine yangu. Stima ikikatika hulia. Hiyo yako ikivuma, yangu italia nisiisikie."

Mwanarusi aliizima. Jioni hiyo aliniambia kwamba hakuwahi kufikiri kwamba baba yake hulala vile, sikio moja liko macho. Na isitoshe, lile dude lilikuwa linakula umeme karibu sawa na mashine ya mzee. Betri isingeweza kuwalisha wawili hao.

Akaanza upya. Alikwenda Ukunda kwa Kheri, fundi anayeuza kompyuta zilizotumika maofisini, akachagua kikompyuta kidogo kuliko vyote, kisichozidi kopo la biskuti. Alikifungua mezani mbele ya kitanda cha baba yake ili aweze kumwangalia huku anafanya kazi, na mzee akawa anamshikia skrubu kiganjani zisipotee. Feni ya ndani aliitoa kabisa. Mahali pake aliweka bamba la alumini lenye mapezi, alilolikata kutoka kwenye amplifaya iliyokufa ya disko la hoteli, ili joto lipande lenyewe na kutoka bila kusukumwa. Akaongeza memori mpaka nafasi ikajaa, akaweka diski za kisasa ambazo ndani yake hamna kitu kinachozunguka. Kisha akachomeka kipimo cha wati ukutani, akawasha, akakitazama kile kipimo kama mtu anayengoja homa ishuke.

"Imewaka?" mzee akauliza.

"Imewaka, Baba."

"Mbona siisikii?"

"Ndivyo nilivyotaka."

Ilikuwa inakula umeme kama balbu mbili. Lakini haikuwa kazi ya siku moja. Ilikuwa miezi ya joto, na adhuhuri seva ilizidiwa ikajizima yenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili. Mwanarusi aliihamisha huku na huku chumbani akitafuta penye ubaridi. Aliijaribu chini sakafuni, mchwa wakaifuata. Mwishowe aliiweka kwenye kishubaka cha ukuta wa upande wa bahari, ambako zamani mama yake alikuwa akiweka taa ya chemni, akaiinulia miguu hewa ipite chini, na kila wiki akawa anaifuta chumvi ya upepo wa bahari kwa brashi ya rangi. Baada ya hapo haikujizima tena. Ilikaa pale kimya, na kitaa kimoja cha kijani.

"Sasa humo ndani kuna nini?" mzee akamwuliza siku wasichana walipounganishwa kwa mara ya kwanza.

"Kompyuta kumi, Baba. Zinaitwa mashine pepe."

"Za pepo?"

"Pepe."

"Nyumba hii niliisomesha maulidi mara ngapi isiingie pepo," mzee alimwambia dada yake, "leo mwanangu anawaingiza kumi kwa waya." Alicheka mpaka ikabidi Shangazi Subira amkalishe na kumsugua mgongo.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na nasema hivyo kwa sababu niliiona. Mwanarusi alikwenda kufundisha asubuhi na kurudi mchana. Wasichana wawili walikuwa na moto kuliko wenzao. Mmoja ni Jumwa, mtu wa kule bara ya Kwale, mpole, anayeandika kila neno la mwalimu. Mwingine ni Cynthia wa Ukunda, ambaye mama yake alikuja kutoka mikoa ya bara kufanya kazi za hoteli, na ambaye Kiswahili chake kilimfanya Shangazi Subira afunge macho. Cynthia alizoea kupita nyumbani kuiona seva kwa macho. Siku ya kwanza aliingia akasema, "Mzee, sasa!"

"Sasa nini, mwanangu?" mzee akamjibu. "Hujasema shikamoo ndiyo maana sijakuelewa."

"Haki, sori. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sasa nimekuelewa. Sijambo."

Tangu siku hiyo wakawa marafiki. Cynthia alimletea machungwa na habari za Ukunda, na mzee alimweleza jinsi jiwe zuri linavyojulikana kwa mlio likigongwa. Ni Cynthia aliyemtengenezea kitu kilichomfurahisha kuliko chochote. Kwenye simu kuukuu aliyomwekea kitandani aliunda ukurasa mmoja tu: juu, betri ina asilimia ngapi, chini, majina ya wasichana, jina likigeuka kijani mwenyewe akiingia kazini. Mzee hakuhitaji tena kumwuliza mtu betri iko wapi. Asubuhi alikuwa akiyatazama majina yakiwaka moja baada ya jingine. "Jumwa ameingia," angesema. "Huyu wa Ukunda bado. Amechelewa kuamka."

Ilipofika Mei, kampuni moja ya Nairobi ikakubali kuwatazama wasichana. Wasimamizi wangewaona kwa mtandao wakifanya kazi kwenye mashine zao wenyewe: wangeziharibu, kisha kila msichana angeitengeneza yake. Watakaofaulu wangepewa mafunzo ya kulipwa, wakifanya kazi kutoka hukuhuku bila kuhama. Tarehe ilikuwa moja, asubuhi moja. Mwanarusi alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo tangu arudi.

Wiki hiyo mvua za masika zilishuka hazikupumzika. Jua halikuonekana, na betri ikawa haijai. Stima ilikatika mara kadhaa, na mara moja ilikuwa ndefu hata mzee akawekwa kwenye mtungi wakati Mwanarusi anatafuta gari. Stima ilirudi kabla gari halijafika, lakini mtungi ulikwisha kupungua sana, na aliyeahidi kuujaza alisema barabara ikikauka kidogo atakuja. Mwanarusi aliipigia kampuni simu akaomba tarehe isogezwe. Wakamjibu kwa adabu kwamba nafasi nyingine labda mwaka ujao.

Asubuhi ya mtihani stima ilikuwepo, lakini Mwanarusi alisitasita mlangoni.

"Nenda," mzee akamwambia. "Watoto wa watu wanakungoja."

Alikwisha kupanga mambo. Alimwonyesha Shangazi Subira simu ya mzee. Seva, alimweleza, inakula kama shomoro; mashine ya Baba ndiyo inayokula kama ng'ombe, nayo stahiki yake haijadiliwi. Stima ikikatika na betri ikishuka mpaka arobaini, Shangazi apige simu hapohapo, Mwanarusi atausimamisha mtihani na kuja na gari, wampeleke mzee hospitalini kwenye jenereta. Ule mtungi ni wa njiani tu. Shangazi alirudia maagizo yote mpaka Mwanarusi akaridhika. Mimi mwenyewe nilikuwapo, nilikuja kuazima ungo.

Stima ilikatika mtihani ulipokuwa umeanza muda si mrefu. Kule sokoni hakuna aliyestuka, kompyuta za mkononi zilikuwa na chaji, na antena ilikuwa na kibetri chake. Mwanarusi aliitazama simu yake, akaona betri ya nyumbani, akaona bado iko juu. Akaendelea kutembea nyuma ya wasichana, haruhusiwi kusema neno.

Huku nyumbani mashine ya mzee iliendelea kuvuma kwa nguvu ya betri, na mvua ikipiga bati. Shangazi Subira alikuwa jiko la nje akipika uji, akiingia na kutoka. Kila alipoingia asilimia ilikuwa imeshuka. Aliniambia kwamba mzee alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, majina yote ya kijani. Ilipokaribia arobaini alisema, "Kaka, nampigia sasa." Mzee akamwambia angoje kidogo, uji usiungue.

Alipokuwa jikoni ndipo alipogundua kwamba hasikii kitu. Mashine haikulia, kwa sababu hulia ikikatiwa umeme. Ikizimwa kwa swichi hunyamaza tu. Aliingia mbio. Mzee alikuwa ameketi, mpira wa mtungi puani.

"Nimehamia kwenye mtungi," akamwambia. "Kishale cha kipimo kinaonyesha umejaa vya kutosha. Betri sasa haishuki, unaona? Usimsumbue Mwanarusi."

Shangazi Subira hajui kusoma kile kishale. Alimtazama kaka yake, akamwona anapumua vizuri, akatazama simu, na kweli asilimia ilikuwa imesimama. Akarudi kuepua uji. Mpaka leo hawezi kuusimulia ule uji bila kulia.

Mtihani ulikwisha salama. Wasichana walipiga vigelegele, Cynthia akamkumbatia Mwanarusi akamnyanyua juu. Mwanarusi hakungoja, alijifunika mfuko wa nailoni kichwani akaja nyumbani kwa mguu kwenye matope, akicheka peke yake. Aliingia uani, na hapo hapo akasimama. Nyumba ilikuwa kimya. Kwa muda wote tangu arudi Msambweni hakuwahi kuisikia nyumba yake ikiwa kimya vile.

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imeegemea magotini, mabega yanapanda na kushuka, midomo na kucha zimegeuka rangi ya zambarau. Mpira ulikuwa bado puani, lakini mtungi ulikuwa umekwisha. Simu iko mapajani.

"Wamemaliza?" akauliza, neno moja kwa pumzi mbili.

Mwanarusi aliuhamishia mpira kwenye mashine, akaiwasha. Ilivuma mara moja. Betri ilikuwa imebakiza vya kutosha, ingemtosha mzee kwa muda mrefu. Hilo ndilo lililomtoa akilini. Nilisikia sauti yake kutoka kwangu, nikaacha nilichokuwa nashika nikakimbia.

"Nani alikutuma?" alikuwa akipiga kelele. "Baba, nani alikutuma? Nilikuomba? Kuna mtu alikuomba?"

Mzee alikuwa amefumba macho, mkono wake unamtafuta mwanawe hewani. Shangazi Subira amepiga magoti mlangoni, mwiko mkononi. Mimi nilikwenda kutafuta gari.

Alikaa hospitalini, akarudi, lakini hakurudi yule aliyekwenda. Moyo ulikuwa umechoka, alisema daktari. Mwanarusi alimwuliza waziwazi kama ni ile asubuhi. Daktari, kijana mwenye huruma, alimwambia kwamba mapafu yale yalikuwa njiani kumshinda, labda mwezi huo, labda mwaka huo, na kwamba hakuna kipimo cha kumwambia zaidi. Mwanarusi alishukuru. Akatoka nje akakaa kwenye benchi la wagonjwa, na nilipokwenda kumchukua alikuwa bado amekaa vilevile.

Siku za mwisho mzee hakuwa na sauti, lakini akili ilikuwa kamili. Cynthia alipokuja kumwona alimwambia, "Niliwatazama nyote. Hakuna hata mmoja aliyezimika." Cynthia alidhani anazungumzia mtandao, akacheka, akamwambia, "Mzee, wewe ndio invijileta wetu wa mtihani." Mwanarusi aliyekuwa akikunja nguo pembeni alitoka chumbani.

Baada ya msichana kuondoka alikaa kitandani kwa baba yake. Alinisimulia mazungumzo hayo mara moja tu na sitayaongezea.

"Baba, ulifanya vile kwa ajili yao?"

"Nilikuwa nimechoka na ile sauti," akasema. "Mchana kutwa naisikiliza. Nikasema leo nipumzike kidogo nione, labda bado naweza."

"Na mtihani?"

"Na mtihani pia."

"Kipi hasa, Baba?"

"Mwanangu, unaniuliza kama vile mimi najua." Kisha akamwambia amgeuze upande wa dirisha.

Alifariki asubuhi moja, Mwanarusi akimlisha chai kwa kijiko. Stima ilikuwepo siku hiyo, jua limetoka, betri imejaa, na mashine inavuma kama kawaida. Iliendelea kuvuma muda mrefu baadaye kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima.

Tulimzika alasiri. Waliomchimbia kaburi ni vijana wa machimboni, na jiwe la kichwani mmoja wao alilichonga usiku kucha pasipo kuombwa. Habari za mtihani zilikuja tukiwa bado matangani. Walioteuliwa walikuwa Jumwa na Cynthia. Walikuja pamoja, wamejitanda leso, furaha imewajaa na haina pa kwenda, wakakaa mkekani wakilia.

"Mwalimu, Mzee alijua kama tumepita?" Cynthia akauliza.

"Hakujua mmepita. Alijua mmemaliza," Mwanarusi akamjibu.

Walipoondoka alinivuta kando, akaniuliza kama awaambie mengine. Nilimwambia kwamba Cynthia ana umri mdogo, na jambo lile likimwingia halitamtoka. Atakuwa kila akikaa mbele ya kompyuta anahesabu deni asilolikopa. Ninavyojua hajawaambia.

Seva aliizima siku ya maziko na hakuiwasha tena. Wasichana waliobaki walikuja kuuliza, wakaambiwa wangoje. Jamaa waliofika kwenye msiba walichajisha simu zao kwenye betri ile mpaka wakatawanyika, na baadaye ikawa inajaa tangu mapema na kukaa hivyo, hakuna wa kuila. Mwanarusi aliniambia ndicho kitu kilichokuwa kikimuuma kukitazama. Alikuwa amehangaika na kila wati kwenye nyumba ile, na sasa umeme umewazidi.

Ikatokea habari ya mama mmoja wa Vanga, mke wa mvuvi anayeitwa Sefu, aliyeruhusiwa kutoka hospitalini na hana mashine. Mwanarusi aliisafisha ya baba yake, akabadilisha vichujio na mpira, akaipeleka mwenyewe. Pamoja nayo alipeleka betri na nusu ya paneli. Nilimsindikiza. Barabara ilikuwa mbovu, na njia nzima aliishikilia mashine kwa mikono isigongwe. Alishinda huko kutwa akiunganisha nyaya juu ya paa la makuti, na alipomaliza alimwita yule mume nje, mkewe asisikie.

"Atakuja siku akwambie yuko sawa, uizime," alimwambia. "Atakwambia kwa sababu nzuri. Usimsikilize."

"Sasa, dada, nikimkatalia akasirike?"

"Akasirike."

Sefu alimtazama, akaitikia kwa kichwa. Sidhani alielewa, lakini aliahidi.

Mwanarusi alikaa miezi bila kufundisha. Akina mama wa kile chumba walimtuma mtu mara kadhaa, kisha wakaja wenyewe. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba seva haitakaa tena nyumbani kwake. Aliitoa kishubakani, akaibeba kwa kanga mpaka sokoni, wakaijengea kasha la chuma lenye kufuli kwenye kona, na betri ndogo ya kuitosha. Inafanya kazi. Mwaka huu ana wasichana wapya, na Jumwa huja Jumamosi kuwasaidia. Cynthia amepanga chumba chake Ukunda. Hupiga simu kila mwezi, na akipiga husema shikamoo kwanza.

Mwanarusi bado anaishi nyumba ileile na Shangazi Subira. Katika yale yaliyotokea asubuhi ile hawajawahi kulaumiana, na sijui kama wamewahi kuyazungumza. Siku nyingine anafundisha mpaka adhuhuri. Siku nyingine huwaruhusu wasichana mapema bila kusema sababu, akaja akaketi na shangazi yake kwenye jiko la nje, wakamenya mihogo.